Msiniambie ni Kinu Tu

Jumapili moja alasiri, kwenye baraza ya nyumba moja hapa Milimani, Nakuru, msichana wa miaka tisa alimletea babu yake daftari la kuchorea. Juma hilo darasa lao lilikuwa limezuru Hyrax Hill, Kilima cha Pimbi ukipenda, na katika vyote alivyoviona makumbusho yeye alichagua kuchora bakuli la mawe. Alikuwa amelitia kivuli upande mmoja kwa penseli, akapapasapapasa kwa kidole hadi jiwe likaonekana jiwe. Babu, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, alivaa miwani, akatazama, akasema kwa upole: "Umechora vizuri, mama. Lakini hiki ni kinu, chombo tu cha kusagia. Mwalimu akitaka mchoro wa sanaa, mchoree kinyago cha Wamakonde au mlango wa Lamu. Sisi huku hatukuwa na wachongaji." Watu wazima tuliokuwa pale tukaitikia kwa vichwa. Nami nikaitikia. Daftari likafungwa, mtoto akaenda zake kucheza.

Kuitikia kule kumenikwama kooni tangu siku hiyo, na ndiyo sababu ninaandika. Mwalimu alikosea, nasi tuliomwitikia tulikosea zaidi, kwa kuwa baadhi yetu tulijua.

Kauli yake ndiyo kauli ya wengi. Utaisikia kwa wazazi, kwa walimu, kwa vijana wanaosomea uchoraji chuoni, hata kwa watu wanaolipenda Bonde la Ufa kwa moyo wote. Wanasema bakuli lilikuwa na kazi yake, halina nakshi, na aliyelichonga hajulikani. Kwa hiyo ni kifaa, waachiwe wanaakiolojia wakipime na kukiandikia namba. Sanaa, wanasema, ni ya Nigeria, ya Kongo, ya pwani. Huku kwetu palikuwa na ng'ombe na mikuki.

Kabla ya kubishana, tukitazame kitu chenyewe.

Bakuli la namna hii ni la jiwe la volkeno, kijivu kinachoelekea weusi, lenye vitundu vidogo vidogo ambavyo hewa iliviacha lava ilipokuwa ikipoa. Yeyote aliyewahi kugongagonga mawe ya Menengai anajua tabia yake: ukilipiga kwa pupa linapasuka mahali usipotaka. Aliyelichonga hakuwa na chuma, maana chuma kilifika nyanda hizi baadaye sana. Alikuwa na jiwe jingine gumu zaidi mkononi, na siku nyingi mbele yake. Alidonoa punje kwa punje, kwanza nje hadi umbo likatokea, kisha ndani, na huko ndani ndiko penye hatari, kwa sababu kila pigo linaupunguza ukuta na ukuta ukipungua kupita kiasi kazi yote imepotea. Sogeza jicho karibu utaona alama za midono hiyo, kama ndui, zikiwa nyingi tumboni mwa bakuli na zikififia kadiri unavyopanda. Ukingoni zimetoweka. Ukingo umesuguliwa ukawa laini, nao umepinda kidogo kuelekea ndani, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo akasita. Upinde ule hausaidii kusaga chochote. Mtu aliuweka pale kwa kuwa aliutaka.

Sasa historia yake, kwa ufupi. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua Kilima cha Pimbi mwaka 1926, na mkewe Mary akakichimba mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 kikatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1965 ndani ya nyumba iliyokuwa ya shamba la mzungu. Katika makaburi ya kale zaidi ya pale, ya wafugaji wa zama za mawe, wanawake walikutwa wamezikwa na mabakuli na sahani za mawe. Wanaume hawakuwa nayo.

Katika mwaka huohuo wa 1938 akina Leakey walichimba pia pango lililo kando ya Mto Njoro, mwendo mfupi kutoka hapa. Mle walikuta mabaki ya watu wapatao 80, miili yao imechomwa, na kila mmoja amewekewa bakuli lake la mawe, mchi wake na jiwe lake la kusagia, wanaume kwa wanawake. Umri wa pango lile umekadiriwa kuwa miaka 3,000 hivi. Wafinyanzi wa Nok kule Nigeria, wale ambao vichwa vyao vya udongo tunawafundisha watoto kuvistahi, ni wa karibu zama hizohizo. Na mwaka 1938, ili tusisahau mahali macho yetu yanapoelekea, ndio mwaka Lord Egerton alipoanza kujenga kasri lake hapo Njoro. Jumamosi yoyote utakuta maharusi wakipigwa picha kwenye ngazi zake. Sina ugomvi na kasri hilo. Lakini ni nani katika wale maharusi aliyewahi kuambiwa kwamba bonde lilelile lina kazi za mikono za miaka 3,000?

Nirudi kwenye hoja ya kinu, kwa kuwa ndiyo nguzo ya mwalimu.

Wanaosema bakuli ni kinu wajibu swali moja la pango la Njoro. Ikiwa bakuli lilikuwa la kusagia, jiwe la kusagia lililowekwa kando yake lilikuwa la nini? Marehemu yuleyule alipewa vyote. Mwenye kuandaa mazishi alijua tofauti ya vitu hivyo, akaona kimoja hakitoshi mahali pa kingine. Tena watu hao hawakukosa vyombo. Walikuwa na vyungu vya udongo, na mle pangoni yalipatikana mabaki ya vibuyu vilivyoungua. Walikuwa wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, watu wa kuhama na mifugo yao, na mtu wa kuhama hupunguza mzigo. Mwenye kibuyu chepesi na chungu anayeamua kutumia siku nyingi kuchonga chombo kizito cha jiwe anafuata haja iliyo mbali na haja ya kula.

Sikatai kwamba mengine yalitumika. Yapo yaliyolika ndani kwa kusuguliwa, yapo yenye alama za moto. Nami sioni kwa nini jambo hilo liwe hoja dhidi yangu. Nendeni nyumbani kwa Mkalenjin yeyote anayeshika mila, muangalie sotet, kile kibuyu cha mursik. Hutiwa maziwa, hupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet, husuguliwa, hushikwa kila siku. Ni chombo cha jikoni bila shaka yoyote. Hata hivyo shanga zinazokizunguka hupangwa kwa mkono uliozoea, mama humpa binti yake kama sehemu ya heshima ya nyumba, na mwanariadha wetu anaporudi na medali, kitu cha kwanza anachowekewa mdomoni uwanja wa ndege mbele ya kamera za dunia ni mursik kutoka kibuyu hicho. Hakuna anayesimama pale na kusema, hicho ni kifaa cha kuhifadhia maziwa tu. Tunaelewa, bila kufundishwa, kwamba kitu kinaweza kushika maziwa na kushika maana kwa wakati mmoja. Basi kwa nini tunawanyima watu wa Njoro uwezo tulio nao sisi?

Na tazama hitilafu ya makaburi haya mawili. Kilima cha Pimbi, bakuli ni la mwanamke. Njoro, bakuli ni la kila mtu. Kama bakuli lingekuwa kifaa cha kazi na basi, tungetarajia lifuate kazi: anayesaga azikwe nalo, asiyesaga asizikwe nalo, pande zote mbili. Badala yake jamii moja imeliweka kuwa alama ya wanawake, nyingine imeliweka kuwa haki ya kila mtu anayekufa. Hapo tunaona watu wakibishana juu ya maana ya umbo lilelile, kila upande ukilitamka kwa namna yake. Kitu kinachobeba maneno hivyo nakiita sanaa. Anayekiita kinu anionyeshe kinu kingine kinachofanya hivyo.

Wanaobaki na nguzo ya nakshi wana hoja iliyo nzuri zaidi, na kwa muda mrefu nilidhani haina jibu. Mabakuli mengi ni matupu kweli. Hakuna maua, hakuna wanyama, hakuna uso wa mtu. Jibu limo mle mle pangoni. Pamoja na mabakuli, akina Leakey walitoa chombo cha mti kilichochongwa nakshi kwa ustadi mkubwa. Mti wa miaka 3,000 ungekuwa vumbi zamani. Huu ulibaki kwa sababu moto wa mazishi uliugeuza mkaa, na mkaa hauozi. Walitoa pia mamia ya shanga za mawe ya rangi, zilizotobolewa moja moja. Kwa hiyo watu hawa walijua nakshi, walijua rangi, walijua kupamba. Walipamba mti, wakapamba shingo zao, na walipofika kwenye jiwe wakaacha. Utupu wa bakuli ni uamuzi wa watu waliokuwa na uwezo wa kufanya vingine. Mshairi anayejua vina vyote akiandika mstari mmoja usio na kina, msomaji makini hasemi kwamba hajui vina. Anasimama pale na kujiuliza alikuwa na nia gani.

Mimi nadhani nia yao ilikuwa jiwe lenyewe. Ninasema nadhani, na hoja yangu haisimami juu ya dhana hii peke yake. Lakini tazama: kibuyu huoza, chungu huvunjika, mti huungua. Nyama ya mtu huisha. Walimchoma marehemu wao, wakamwekea kando kitu ambacho moto haukiwezi, kikiwa na umbo la tumbo, la viganja vilivyokutanishwa, la kitu kinachosubiri kujazwa. Ukisimama mbele ya kabati la kioo ukiwa na wazo hilo kichwani, bakuli linabadilika. Nimewahi kusimama pale dakika ishirini, na mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Tofauti hii tunayoishikilia kana kwamba imetoka mbinguni, sanaa huku na chombo kule, tumeipokea juzi. Neno sanaa lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kazi ya mkono, ufundi wa kutengeneza. Ni majumba ya makumbusho ya Ulaya ya karne ya 19 yaliyoweka picha za mafuta za mabwana zao katika nyumba moja na kuviweka vyombo vyetu katika nyumba nyingine, pamoja na mafuvu na ngozi za wanyama. Mary Leakey mwenyewe ni ushahidi wa jinsi ukuta ule unavyotenda kazi. Alikuwa binti wa mchoraji, na kilichomwingiza katika akiolojia ni mkono wake wa kuchora. Alikuwa akichorea wataalamu zana za mawe. Mwaka 1951 alikwenda Kondoa, Tanzania, kunakili michoro ya miambani, na kitabu alichokitoa juu ya kazi hiyo mwaka 1983 kina neno sanaa katika jina lake. Mabakuli ya Nakuru na Njoro, aliyoyatoa ardhini kwa mikono ileile, yaliishia katika ripoti za uchimbaji. Michoro ilikuwa ukutani, ikafanana na kile ambacho Ulaya imezoea kuita sanaa. Bakuli lilifanana na kitu cha jikoni.

Tena hata Ulaya yenyewe haifuati kanuni hiyo inapohusu mambo yake. Vyungu vya Wagiriki wa kale, vilivyokuwa vya kuchanganyia divai na maji, vimewekwa katika majumba makubwa ya sanaa, na watu wanaandika vitabu vizima juu ya mpindo wa mshikio mmoja. Na Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, amejenga jina lake ulimwenguni kwa kufinyanga vyungu: tumbo la mviringo, shingo ndefu, ukingo uliopinda. Havina picha juu yake. Vinakusanywa na majumba ya makumbusho hadi British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya Dame. Tunamshangilia, na ni haki yetu kumshangilia. Ila huwezi kuushangilia mpindo wa ukingo wa Odundo huko London kisha ukauita mpindo wa ukingo wa Njoro bahati nasibu.

Kuna pingamizi moja ninaloliogopa, na sitalikwepa. Rafiki yangu mmoja kutoka Kilifi aliniambia: neno sanaa ndilo lililotuibia. Vigango vya Wamijikenda, nguzo zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, viliachwa mahali pake kwa muda mrefu hadi wafanyabiashara walipoanza kuviita sanaa. Vikang'olewa usiku, vikauzwa kwa watalii na kwenye maduka ya picha Marekani, vikasimama sebuleni kwa watu wasiojua ni roho ya nani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007 na vingine baadaye, na vingi havijarudi. "Mkiyaita mabakuli sanaa," alisema, "mtayapandishia bei." Maneno hayo ni mazito. Lakini kilichoviua vigango ni sanaa iliyotengwa na watu wake, bei bila jina, umbo bila kaburi. Mimi ninadai kinyume chake. Ninataka bakuli lisomwe pamoja na kaburi lake, pamoja na mkono ulioligonga na mwili uliolazwa kando yake. Tena hatari anayoiogopa ipo tayari hata bila neno hilo. Bakuli linaloitwa kinu hutupwa, hupasuliwa na trekta, hutumiwa kujengea msingi wa zizi. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayekuta kitu cha kale atoe taarifa, lakini nani atatoa taarifa ya kinu?

Ama hoja ya kwamba mchongaji hajulikani, sitaipotezea muda mwingi. Hatuwajui kwa majina waliochonga milango mingi ya Lamu ambayo mwalimu anaitaja kwa fahari. Hatuwajui wafinyanzi wa Nok. Kutojua jina la mtu hakujatuzuia kuiona kazi yake.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana kesho asubuhi. Mwalimu wa sanaa anayewapeleka watoto Kilima cha Pimbi asiwaharakishe mbele ya mabakuli ili wawahi kwenye mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Najua bao linawavutia. Kete tunazijua, mchezo tunauchezea barazani hadi leo, kwa hiyo mwamba ule unazungumza nasi moja kwa moja. Bakuli limepoteza wachezaji wake. Ndiyo maana linahitaji muda zaidi. Wapeni watoto nusu saa na penseli. Waulizeni ni wapi ukuta umenenepa na ni wapi umekonda, na ni nini kilimfanya mchongaji aache kugonga.

Swali hilo la mwisho si langu. Nililipata kwa bibi mmoja upande wa Njoro, msusi wa viondo, ambaye nilikwenda kumtembelea na mwanawe. Uani kuku walikuwa wakinywa maji kwenye bakuli la mawe. Nilipiga magoti palepale matopeni.

"Hilo lilitoka na plau," aliniambia, "mwaka ule baba yao alipolima kule chini. Walitaka kulivunja nikakataa."

"Kwa nini ulikataa, shosho?"

Hakunijibu. Aliwafukuza kuku, akamwaga maji, akalisugua bakuli kwa kiganja cha majani, kisha akaliweka mapajani kama anavyoweka kiondo anachokisuka. Kidole gumba chake kikazunguka ukingoni polepole na kusimama mahali fulani.

"Shika hapa," akasema. "Pamenenepa kuliko kwingine. Mimi nilidhani alichoka. Sasa geuza, tazama kwa nje. Unauona huo mstari? Jiwe lilikuwa na ufa tangu mwanzo. Alipoufikia akaona akiendelea kulikondesha litafunguka, akauacha unene wake, halafu akasugua pande zote mbili ili macho yapite bila kugota. Mimi kamba ikinikatikia katikati ya kiondo nafanya hivyohivyo."

Nilimweleza habari ya sheria na ya makumbusho. Alisikiliza, akauliza kama huko watalimwagia maji ya kuku. Nikamwambia hapana. Akaingia ndani akatoka na leso, akalifunga bakuli mwenyewe, sehemu yenye ufa ikiwa juu, akaniambia nisiligeuze njiani.